Makaa Haya Yametoka kwa Mti Gani?

Wewe uliye mkulima au mfugaji wa Garsen, Minjila, Ngao, Wema au Gamba, bila shaka umeyaona magunia ya makaa yaliyopangwa kando ya barabara iendayo Malindi yakingoja lori. Gunia limeshonwa kwa kamba, mdomoni limezibwa kwa majani, na mwenyewe ameketi kivulini. Mnunuzi akishuka huuliza bei, nao hushindana mpaka wapatane. Zamani mambo yalikuwa yakiisha hapo. Siku hizi liko swali la pili. Askari wa misitu huliuliza kizuizini, tajiri wa Mombasa huliuliza kabla ya kufungua mfuko wake, na huko mbali huulizwa na mnunuzi wa Ulaya ambaye hajui hata Garsen iko upande gani wa dunia. Swali lenyewe ni hili: Makaa haya yametoka kwa mti gani, mti huo ulikatwa wapi, na ni nani aliyetoa ruhusa?

Mwenye jibu lililoandikwa huuza mali yake mchana kweupe kwa bei ya halali. Asiye na jibu huuza usiku, kwa bei anayotaka dalali, na mara nyingine hupoteza mali yote pamoja na nauli. Kwa hiyo yafaa tueleze vizuri habari za vyeti vya miti, maana ni jambo linalozungumzwa sana na kufahamika kidogo.

Mti Ulioletwa kwa Nia Njema

Hatuwezi kusema habari za makaa ya Mto Tana bila kuutaja mathenge. Mti huu asili yake ni Amerika ya Kati na ya Kusini. Mwaka 1973 ulipandwa Mombasa, katika machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, ili kuifunika ardhi iliyobaki mawe matupu. Katika miaka ya 1980 ukapandwa Bura na Hola. Watu wengi walikuwa wamehamia huko kulima katika skimu za umwagiliaji, ikahofiwa kwamba kwa kutafuta kuni wangeimaliza misitu ya kando ya mto. Mathenge ulichaguliwa kwa sababu hauogopi jua, hauogopi chumvi, na hukua upesi.

Sifa hizo ndizo zilizoleta taabu. Ng'ombe na mbuzi hula maganda yake matamu, na mbegu hutoka pamoja na mavi zikiwa tayari kuota. Mafuriko ya Tana huzibeba mbegu hizo na kuzipanda chini ya mto bila kulipwa ujira. Leo mathenge umeziba mifereji, umefunga njia za kwenda majini, na umemeza mashamba ambayo wenyewe waliyaacha kwa msimu mmoja tu. Mwiba wake ukimchoma mtu, jeraha huvimba na kukaa siku nyingi. Huko Baringo watu waliona taabu hizo hizo, na mwaka 2006 walifungua kesi kuishtaki Serikali kwa kuuleta mti huu. Walimpeleka mahakamani hata mbuzi aliyeng'oka meno kwa kula maganda yake. Mwaka 2008 Serikali iliutangaza mathenge kuwa magugu yenye madhara.

Lakini mti huu huu una mbao ngumu, na makaa yake ni mazito na hukaa motoni muda mrefu. Kwa sababu hiyo wataalamu wa KEFRI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, wamekuwa wakishauri kwamba njia bora ya kuupunguza ni kuutumia: uchomwe makaa, upasuliwe nguzo, na maganda yake yasagwe kuwa chakula cha mifugo, maana mbegu iliyosagwa haioti tena. Basi huu ni mti wa ajabu. Anayekata mti mwingine huulizwa kwa nini amekata, na anayekata mathenge kwa utaratibu hushukuriwa na jirani yake.

Taabu Inaanzia Hapa

Mathenge haukui peke yake. Kando yake umo mgunga, ambao kivuli chake ni zizi la mchana la mbuzi, na maua yake ni chakula cha nyuki. Karibu na mto umo mkuyu na mkwaju, ambao mizizi yao huushika ukingo usianguke wakati wa mafuriko. Ndani ya misitu hiyo ya mto mna kima wawili, mbega mwekundu wa Tana na ngolaga wa Tana, ambao hawapatikani penginepo popote duniani. Hifadhi iliyowekwa kwa ajili yao tangu 1976 yajulikana na wageni wengi kuliko wenyeji. Na huko chini, delta yote ya Tana iliingizwa mwaka 2012 katika orodha ya Ramsar, ambayo ni mapatano ya mataifa ya kuhifadhi ardhi zenye majimaji.

Sasa mchomaji mwenye haraka huukuta mgunga mnene umesimama katikati ya mathenge. Mathenge una miiba na vishina vingi vyembamba, kuukata ni kazi ya kutoka damu. Mgunga ni shina moja nono. Akiukata na kuutia katika tanuri pamoja na mathenge, yatakayotoka ni makaa meusi yale yale. Makaa hayana majani wala gome. Wewe na mimi tukiyatazama hatutajua lipi ni la mgunga na lipi ni la mathenge, na askari wa kizuizini hatajua pia. Wataalamu wa Ulaya huvunja kipande cha makaa na kukitazama kwa hadubini, nao huweza kuutambua mti wake kwa vitundu vilivyomo, lakini hadubini hiyo haiko Minjila.

Kwa hiyo hila ya watu wachache huharibu jina la wote. Kila mwenye gunia husema, "Haya ni ya mathenge," mkweli na mwongo kwa sauti moja, na mwisho wake hapana anayesadikiwa. Serikali nayo isipoweza kutenganisha, hufunga mlango wote. Februari 2018 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii, kwanza kwa siku 90 kisha kwa muda ulioongezwa tena na tena, na biashara ya makaa ikabanwa pamoja nayo. Mwanzoni mwa mwaka huo huo Kaunti ya Kitui, ambayo malori ya kutoka Garissa na Bura hupitia Mwingi kwenda Nairobi, ilizuia makaa yasipite, na lori moja lilichomwa moto barabarani. Katika siku hizo mwenye mathenge halisi hakuwa na lolote la kumtofautisha na mwizi wa migunga. Alikaa na magunia yake na mathenge ukaendelea kuota.

Cheti ni Kitu Gani?

Cheti cha miti ni karatasi inayosema kwamba mbao, gogo, kinyago au makaa fulani yametoka mahali panapojulikana, kwa ruhusa ya mwenyewe, bila kuumaliza msitu na bila kuwadhulumu watu wanaouishi. Kinachojulikana zaidi duniani ni kile cha FSC, baraza lililoundwa mwaka 1993, ambalo makao yake sasa yako Bonn, Ujerumani. Baraza hilo halikuundwa na serikali yo yote. Watu wa Ulaya na Amerika walikuwa wamechukizwa na kufyekwa kwa misitu ya nchi za joto, wengine wakakataa kabisa kununua mbao zake. Wafanya biashara wakaona hasara, wapenda misitu wakaona kwamba kukataa tu hakusaidii, kwa maana msitu usio na faida hugeuzwa shamba. Wakaketi pamoja wakaandika masharti.

Baraza lenyewe halitoi cheti kwa mkono wake. Yako makampuni ya wakaguzi ambao huja msituni, huhesabu visiki, husoma madaftari, na huwauliza wanawake wanaookota kuni kama mambo ndivyo yalivyo. Cheti hukaa miaka mitano, na kila mwaka wakaguzi hurudi. Nacho ni cha namna mbili. Cha kwanza ni cha msitu au shamba lenyewe. Cha pili ni cha safari ya mbao: kila mkono unaoipokea, tangu mkataji, mpasuaji, fundi hata muuzaji, uwe na cheti chake, ili mali safi isichanganywe na chafu njiani. Mkono mmoja usio na cheti ukiingia katikati, ule mnyororo umekatika, na mbao ile haiwezi tena kuuzwa kwa jina la cheti hata kama msitu wake ni mwema kama nini.

Wanavijiji wa Kilwa

Huenda utasema mambo hayo ni ya Wazungu wenye misitu mikubwa. Basi sikiliza habari za jirani zetu wa kusini, katika Wilaya ya Kilwa, Tanzania.

Huko hukua mpingo, ambao mbao yake nyeusi hutengenezewa klarineti na zumari za Ulaya, na ambao huchukua miaka zaidi ya 70 kufikia unene wa kuvunwa. Kwa miaka mingi wavunaji walikuja na kuondoka na magogo, na kijiji kilichoulinda mti huo tangu siku za mababu kilibaki na kisiki. Sheria ya Misitu ya Tanzania ya 2002 iliviruhusu vijiji kutenga misitu yao wenyewe, kuisimamia na kubaki na mapato yake. Shirika dogo la kuhifadhi mpingo, lijulikanalo sasa kama Mpingo Conservation and Development Initiative, liliwasaidia wanavijiji kupima mipaka, kuhesabu miti na kupanga ni mingapi ivunwe kwa mwaka. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi vilikuwa vya kwanza kuingia chini ya cheti cha FSC. Ndicho kilikuwa cheti cha kwanza katika Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanavijiji.

Angalia jambo moja hapa, ambalo kwa maoni yetu ndilo lenye mafunzo zaidi kuliko cheti chenyewe. Kijiji cha Kikole hakingeweza kulipia cheti peke yake. Gharama za wakaguzi ni kubwa, maana huja kwa ndege na hulala hotelini. Ule ujanja ulikuwa cheti cha kundi: shirika moja linashika cheti, na vijiji vinaingia chini yake kimoja kimoja kila kinapokuwa tayari. Kijiji kimoja kikivunja masharti hutolewa, na vingine hubaki. Hata hivyo shirika lilihitaji fedha za wafadhili kulipia kazi hiyo, na hatuoni haya kulisema, kwa sababu mtu akikuambia kwamba cheti hujilipia chenyewe tangu mwaka wa kwanza, anakudanganya.

Wachongaji na Mwarobaini

Mfano mwingine uko karibu zaidi. Mombasa, katika Changamwe, kipo chama cha ushirika cha wachongaji Wakamba kilichoanzishwa 1963. Ufundi huo uliingia Ukambani na Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya kwanza. Wachongaji walipenda mpingo na muhugu, miti migumu isiyopasuka ikichongwa mbichi. Baada ya miaka mingi ya kuchonga twiga na vifaru kwa maelfu, mpingo ukawa haba, na muhugu wa Arabuko-Sokoke, msitu ulio kati ya Malindi na Kilifi, ukavunwa kuliko unavyoota. Wakati huo huo wanunuzi wa ng'ambo walianza kuuliza lile swali letu: mti gani, kutoka wapi?

Wataalamu wa WWF, UNESCO na Bustani ya Kew ya Uingereza waliwashauri wachongaji watumie miti ya mashambani: mwarobaini, mwembe, mjakaranda na mgrivilea. Wachongaji wengi hawakupendezwa hapo mwanzo. Mti wa shambani ukichongwa mbichi hupasuka, na mnunuzi hurudisha tembo aliyepasuka tumbo. Wakajifunza kuukausha kwanza. Katikati ya miaka ya 2000 wakulima wa pwani wenye miarobaini waliingizwa katika cheti cha kundi cha FSC, na vinyago vyenye cheti vikaanza kutoka Mombasa kwenda ng'ambo.

Sasa fikiri juu ya boma lako. Mwarobaini huota penyewe, ndege hupanda mbegu zake kila mahali, na watu huuthamini kwa dawa tu. Kando ya Tana, tangu Hola mpaka Ngao, imo miembe ya wazee ambayo imekoma kuzaa, na mwenyewe huikata kwa kuni. Shina la mwembe mnene ni mali ya mchongaji na ya fundi wa samani. Mti wa shambani, uliopandwa na baba yako katika ardhi ijulikanayo, ndio ulio rahisi kuliko yote kuandikiwa asili yake. Usiukate mpaka umempata mnunuzi, na kabla ya kuukata panda miche miwili mahali penye nafasi.

Wa Kipini na mlango wa mto wana mikoko, nao tunawakumbusha kwa maneno machache tu. Fito, pau, mazio, boriti na nguzo zilisafirishwa kwa korja katika majahazi mpaka Uarabuni tangu zamani sana, lakini mikoko ni msitu wa Serikali, na haikatwi ila kwa leseni.

Karatasi za Hapa Kwetu

Kabla ya kuota cheti cha Bonn, fahamu karatasi za nyumbani. Kanuni za Makaa za mwaka 2009 ziliweka utaratibu ambao, kwa ukweli, unafanana sana na ule wa FSC ila hauhitaji ndege. Ziliagiza wachomaji wa biashara wajiunge katika vyama, kila chama kiandikishwe na kiombe leseni kwa Huduma ya Misitu ya Kenya. Mwombaji huonyesha idhini ya mwenye ardhi, huonyesha ni miti gani atakayoitumia, na huonyesha mpango wake wa kurudisha miti. Makaa yakiondoka, lori huchukua cheti cha asili kinachosema yametoka wapi, kibali cha kuyasafirisha, na hati ya mauzo. Kanuni hubadilika na kaunti nazo zina sheria zao, kwa hiyo usitegemee karatasi aliyokuwa nayo mjomba wako miaka mitano iliyopita. Uliza ofisi ya misitu iliyopo inataka nini mwaka huu.

Katika nchi yetu hii ya Tana neno "idhini ya mwenye ardhi" ni zito kuliko linavyoonekana. Sehemu kubwa ya ardhi ni ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka jamii yenyewe iamue. Mpokomo aliye na shamba ukingoni na Morma anayepitisha ng'ombe kwenda majini wakati wa kiangazi wote wana neno juu ya mahali panapokatwa. Kufyeka mathenge uliofunga njia ya mifugo ni jambo ambalo pande zote mbili hulipenda, na vyama vilivyo na wakulima na wafugaji pamoja huwa na ugomvi mdogo. Barua ya idhini yenye sahihi za wazee wa pande mbili ina nguvu kuliko barua tatu za upande mmoja.

Daftari na Kisiki

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Mkaguzi, awe wa Serikali au wa ng'ambo, hutafuta vitu viwili: daftari na kisiki. Mambo haya mawili yakipatana, hana la kusema. Yasipopatana, hapana hotuba itakayokuokoa.

Nunua daftari gumu lenye kurasa za kutosha mwaka mzima. Andika tarehe, jina la mwanachama, mahali alipokata, mti aliokata, tanuri ya ngapi, na magunia mangapi yalitoka. Siku ya kuuza andika jina la mnunuzi, namba ya lori, magunia yaliyopakiwa na namba ya kibali. Aandike mtu mmoja aliyechaguliwa, na mwingine aweke sahihi. Kosa likiandikwa, pigeni mstari mmoja juu yake na kuandika upya kando. Msikwangue wala kuchana ukurasa, kwa sababu ukurasa uliochanwa humtia mkaguzi shaka kuliko kosa lenyewe.

Tuseme chama kina watu 20, na mwezi huu kila mtu amechoma tanuri moja na kupata magunia 12. Jumla ni magunia 240. Lori limeondoka na magunia 310. Yale 70 yametoka wapi? Labda binamu wa mwanachama aliomba mali yake ipakiwe pamoja, akasema yeye pia ni mtu wa mathenge. Pengine ni kweli. Lakini daftari halimjui, na kwa ajili ya magunia 70 ya binamu, magunia 240 ya halali yamekuwa ya mashaka. Hii ndiyo hila ya kawaida kabisa, nayo haionekani kama hila, huonekana kama ukarimu. Viongozi wa chama wanaoweza kumwambia binamu "Hapana, ujiandikishe kwanza" ndio wenye chama kitakachoishi.

Hesabu ya pili ni ya kuni na makaa. Tanuri ya kienyeji ya kufunika kwa udongo hutoa kilo 10 hadi 15 za makaa kwa kila kilo 100 za kuni kavu. Tanuri bora yenye bomba la kutolea moshi, kama ile ya Casamance iliyotoka Senegal, yaweza kufika kilo 25 hadi 30. Basi chama kikiandika kwamba kilikata tani 2 za mathenge na kuuza tani moja ya makaa, mkaguzi hahitaji kuja Garsen. Hata tanuri bora isingetoa zaidi ya kilo 600. Atajua akiwa ofisini kwake kwamba kuna miti mingine iliyoingia humo bila kuandikwa.

Kisha kisiki. Wakataji wa mpingo hugonga nyundo yenye alama juu ya gogo na juu ya kisiki chake, ili vijulikane kuwa ni ndugu. Mathenge ni mingi mno kwa nyundo. Njia ifaayo ni kugawa eneo katika vipande, kila kipande kiwe na mpaka wa wazi kama njia, mfereji au mti mkubwa, na chama kikate kipande kimoja mpaka kiishe ndipo kihamie kingine. Kabla ya panga la kwanza, tembeeni katika kipande hicho mtie rangi nyeupe kiunoni mwa kila mgunga, mkwaju na mkuyu, mkaihesabu na kuiandika. Kipande kikiisha, ihesabuni tena. Kama ilikuwa 43 na sasa ni 43, mna jibu ambalo mtu ye yote aweza kulihakiki kwa macho yake. Rangi ya kopo moja hutosha miti mingi, na kwa bei yake hatujui ushahidi ulio rahisi kuliko huo.

Siku hizi simu nyingi za mkononi huweza kuonyesha mahali ulipo kwa namba. Ziandikeni namba hizo za pembe za kila kipande. Mwaka 2023 Jumuiya ya Ulaya ilipitisha sheria inayotaka mali ya miti iingiayo kwao, makaa pia, ionyeshe kwa namba kipande cha ardhi kilikotoka, na isiwe imetoka katika msitu ulioharibiwa baada ya 31 Desemba 2020. Tarehe ya kuanza kwake imesogezwa zaidi ya mara moja, lakini mwenye namba hapotezi kitu kwa kungoja.

Namna ya Kuukata Mathenge

Ukiukata juu ya ardhi umeupogoa tu, nao utachipua vishina kumi pale palipokuwa na kimoja. Kama wataka kulirudisha shamba lako, fukua udongo kuzunguka shina na ukate chini ya uso wa ardhi, kama upana wa kiganja, kisha panda mahali hapo mahindi, kunde au majani ya mifugo upesi, kwa maana ardhi iliyoachwa wazi huota mathenge tena kutoka mbegu zilizolala. Kama wataka kuvuna tena kuni, acha shina moja lililonyooka kwa kila kisiki, kata mengine yote, na uondoe matawi ya chini. Baada ya miaka michache utakuwa na nguzo, na utaweza kupita chini yake bila kuchomwa. Vaa viatu vizito, na usiwatume watoto kukusanya matawi.

Kuni zikatwe na kuachwa zikauke kabla ya kutiwa tanurini. Kuni mbichi hula moto mwingi kwa kukausha maji yake yenyewe, ndiyo sababu mchomaji mwenye pupa hupata makaa haba. Januari na Februari ni miezi mizuri kwa kazi hii. Mvua za Aprili zikianza, njia za kutoka vijijini kwenda Minjila huwa hazipitiki na makaa hulowa yakingoja, kwa hiyo chama kinachotaka kuuza kabla ya mvua kipeleke maombi yake ya leseni mwishoni mwa mwaka. Chukueni orodha ya wanachama na namba za vitambulisho, barua ya idhini ya jamii, ramani ya vipande hata ikiwa ya kuchorwa kwa mkono, hesabu ya miti iliyotiwa rangi, na lile daftari, likiwa na ukurasa wake wa kwanza umekwisha andikwa.